"Hivi Hujaondoka?" Ushauri kwa Mdogo Wangu wa Tukuyu

Juzi usiku nimepokea ujumbe wa binti mmoja wa Tukuyu, anasoma kompyuta mwaka wa pili hapa Mbeya. "Habari kaka. Nimepata nafasi ya shule ya kiangazi Ujerumani, wiki mbili, Agosti. Naanza na nini?" Nilitaka nimjibu kwa mistari mitatu. Nikajikuta bado naandika saa nane usiku, basi nimeona niyaweke hapa, maana najua mko wengi mnaozisaka nafasi hizi.

Kwanza hongera. Sherehe tuiache, kwa sababu mimi sherehe iliniponza.

Mwaka 2023 nilipata nafasi kama yako, nchi nyingine ya huko huko Ulaya. Barua iliingia saa kumi jioni. Kufika saa mbili usiku Uyole nzima, mtaa wetu hapa Mbeya, ilikuwa na habari. Mama akaita jumuiya, kuku wawili wakachinjwa, mzee wa kanisa akaniwekea mkono kichwani na kuniombea safari njema. Shangazi akanunua begi la magurudumu sokoni Mwanjelwa. Hakuna hata mmoja aliyeniuliza: pasipoti unayo?

Sikuwa nayo. Cheti changu cha kuzaliwa kinasema Laurenti. Vyeti vya shule na kitambulisho cha taifa cha NIDA vinasema Laurent. Herufi moja! Baba ndiye aliyenisajili, na kwa lafudhi ya kwetu jina haliachwi likining'inia hewani, lazima ulipe irabu ya kutulia. Kwa ajili ya hiyo "i" nilikwenda kwa wakili kuapa, nikapeleka kiapo, nikaambiwa pungufu nakala, nikarudi tena. Pasipoti yenyewe ni shilingi 150,000. Nauli za daladala na hela za kutoa kopi sikuzihesabu, ningelia. Nilipoishika mkononi zilibaki siku 19 kozi ianze.

Maombi ya viza ya Schengen, ile moja inayotumika nchi nyingi za Ulaya, hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari, na mwisho ni siku 15 kabla. Nikasema bado nimo. Nikapanda basi alfajiri, kilomita zaidi ya 800 hadi Dar, na sweta langu la Mbeya ambalo kushuka mlima Kitonga tu likageuka adhabu.

Kwenye dirisha la viza dada mmoja mpole akaniuliza, kozi ikiisha utafanya nini? Nikajibu, tena kwa tabasamu: "Nitaangalia fursa zilizopo." Jamani! Nilidhani najionyesha mchapakazi. Pasipoti ilirudi na fomu yenye visanduku, kimoja kimetiwa alama: wana shaka kama nitaondoka kabla viza haijaisha. Ada ilikuwa yuro 80 na hairudishwi. Tangu Juni 2024 ni yuro 90, kwa hiyo jibu la kijinga kama langu limepanda bei.

Hela haikuniuma sana. Kilichoniuma ni Uyole. Wiki mbili nilipita njia ya nyuma, kwenye mashamba ya viazi, na bado huko huko nakutana na mtu: "Hivi hujaondoka?" Shangazi hakuuliza. Alikuja tu kuchukua begi, akasema ana safari ya Njombe. Nilikaa ndani nikisikiliza magurudumu yakikwaruza kokoto mpaka barabarani. Sijamwambia mpaka leo, na najua anasoma humu.

Kwa hiyo, mdogo wangu, viza ikiwa haijabandikwa kwenye pasipoti, safari ni siri yako na ya mama yako. Watu wa kwetu tunapenda kuaga kabla ya kujua tunakwenda wapi. Kijana ana barua moja, tayari ameweka picha ya ndege kwenye wasifu wake. Tuache. Muda wa kujipiga picha tuutumie kulinganisha majina kwenye vyeti.

Mwaka 2025 ndipo nilipokwenda, Ujerumani. Nusura niharibu hata usahili wa mtandaoni: nilikuwa nimekariri kwamba wako nyuma yetu saa mbili, kumbe mwisho wa Machi husogeza saa zao mbele na inabaki saa moja. Niliingia wakati wanaaga, wakanihurumia wakanipangia siku nyingine. Kwenye viza sikubahatisha. Niliulizwa swali lile lile, nikasema narudi kumalizia mwaka wa nne, mradi wangu wa mwisho huu hapa, na barua ya chuo hii hapa. Barua ya wenyeji ilieleza nani analipa tiketi, chumba na chakula. Hiyo ndiyo iliyonibeba, maana fedha za mama ziko kwenye VICOBA, kikundi cha mtaani cha kuweka na kukopa, na VICOBA haitoi taarifa ya benki ya miezi mitatu. Bima ya safari nayo iwe na kinga isiyopungua yuro 30,000; isome karatasi yenyewe, usimwamini anayekuuzia.

Kuhusu masomo sina mengi. Zoea Linux, mfumo wa kuendesha kompyuta kama ilivyo Windows, na kuchapa amri kwenye kibodi badala ya kubofya. Asubuhi ya kwanza mwalimu alisema tuingie kwenye seva, kompyuta kuu ya mbali. Wenzangu wakachapa mstari mmoja wakaingia, mimi natafuta pa kubofya. Na kila programu waliyokuandikia uiweke kabla hujaondoka, kwa bando la usiku.

Nilibeba makoti mawili kwa sababu "Ulaya kuna baridi". Julai yao ilikuwa joto kuliko Julai ya Mbeya, bwenini hakuna feni, na jua linazama saa tatu na nusu usiku. Koti moja sikulitoa hata kwenye begi. Nilichokosa ni adapta ya umeme: plagi zetu za pini tatu za bapa haziingii kwenye soketi zao za matundu mawili ya mviringo. Nunua Mwanjelwa. Mimi niliinunulia uwanja wa ndege, bei sisemi.

Binti wa Tukuyu, kwenye ujumbe wako umegusia juu juu kwamba cheti cha kuzaliwa kina "Nyambilile" na cha kidato cha nne kina "Nambilile". Basi Jumatatu asubuhi nenda kwa wakili. Lugha ya kompyuta ya Python utaendelea nayo Jumanne.