Mtamba wa Bama

Swali lenu la wiki hii linauliza ukoo unamkumbukaje ndugu aliyefia vitani ng'ambo, ambaye kaburi lake halijaonwa na yeyote wa nyumbani. Sisi wa Mpwapwa tunamkumbuka wetu kwa deni.

Kaka yake babu alipungukiwa ng'ombe mmoja kwenye mahari. Akaenda kwa mtani wake, akakopa mtamba mwekundu mwenye sikio la kushoto lililochanwa, alama ya nyumba ile mpaka leo. Akaoa. Mwaka 1943 akaingia Keya, jeshi la Mwingereza la askari Waafrika, ili alipe kwa mshahara, akapandia treni Gulwe.

Askari wa Keya walipelekwa Ceylon, Sri Lanka ya leo, na mwaka 1944 Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ikaingia Bama, Myanmar ya leo, kuwasukuma Wajapani kwenye bonde la Kabaw, mvua zikiwa zimepamba moto. Mwenzake aliyerudi alisimulia tope kuliko risasi: magari yamezama hadi milangoni, watu wanakata miti na kulaza magogo barabarani, homa inawaangusha mmoja mmoja. Mgogo aliyekulia kwenye kuomba mvua! Alifia humo, kabla wenzake hawajafika Kalewa mwezi Desemba.

Habari ililetwa na jumbe kutoka kwa Bwana Shauri, mkuu wa wilaya wa kikoloni. Matanga yakawekwa bila maiti, mjane akarithiwa na babu. Huyo ndiye bibi yangu, kwa hiyo mimi nami nimetokana na mtamba yule.

Mwaka 1946 babu akaswaga mtamba mwingine, mnono kuliko wa kwanza, akampeleka kwa mtani. Mzee akamzunguka, akamshika nundu, akapapasa sikio zima lisilochanwa, kisha akasema: "Mke umemrithi, sawa. Deni langu niachie. Aliyekopa atalileta mwenyewe." Babu akarudi na ng'ombe wake. Alijaribu tena mara mbili, akakataliwa.

Nje ya Yangon, mahali paitwapo Taukkyan, kuna mnara wenye majina karibu 27,000 ya waliokufa Bama wasijulikane walikolala. Nimeyapekua kwenye simu usiku kucha. Jina linalofanana na la kwetu lipo, ila namba yake ya uaskari haikuhifadhiwa na mtu nyumbani, basi sijamwambia baba kwamba nimempata. Na sijui kama ningempeleka baba mbele ya ukuta ule angefanya nini. Deni analielewa zaidi.

Mwaka jana tulipopeleka posa ya mdogo wangu, mjukuu wa mtani alisimama katikati ya watu, mbele ya wakwe, akauliza kwa sauti:

"Kabla hamjaoa tena, mtamba wetu yuko wapi?"

Baba hakufikiri hata kidogo. "Yuko Bama," akasema. "Kazaa sana, tunashindwa kumswaga."