Makamu wa rais Yugoslavia: siti ya kusubiri zamu, sio ya kurithi nchi

Mkuu umeuliza, Tito, rais wa Yugoslavia, alipokufa mbona makamu wake hakuchukua nchi kama sisi Machi 2021 mama Samia alivyoapishwa siku mbili baada ya msiba. Jibu fupi ni kwamba alichukua. Akakaa siku 11 tu. Anaitwa Lazar Koliševski, Mmasedonia, na hata Wayugoslavia wenyewe niliokaa nao ukiwatajia walikuwa wanakuna kichwa kwanza.

Mimi nilienda Belgrade 1986 kwa skolashipu, enzi zile za nchi zisizofungamana na upande wowote, mwaka mmoja wa lugha halafu uinjinia, nikawekwa hosteli za Studentski Grad kule Novi Beograd. Siasa zao sikuzisoma darasani, nimeziokota kantini na kwenye TV ya korido.

Sasa uelewe, makamu wa ukweli waliwahi kuwa naye. Katiba ya 1963 ndo ilileta hicho cheo akapewa Aleksandar Ranković, Mserbia, jamaa aliyeijenga UDBA yaani usalama wa taifa wao, na kila mtu akajua huyu ndo mrithi. Hapo ndo kosa. Julai 1966 kikaitishwa kikao cha kamati kuu ya chama kisiwani Brioni, kwenye makazi ya Tito mwenyewe, jamaa akatuhumiwa kwamba watu wake wametegesha vinasa sauti mpaka nyumbani kwa mzee. Vyeo vyote vikaenda, chamani wakamtoa, ila kesi hakufunguliwa, Tito akamsamehe. Akawekwa Koča Popović, jenerali ambaye ujanani alikuwa mshairi Paris, hata mwaka haukuisha vizuri, 1967 cheo chenyewe kikafutwa.

Halafu mzee akaja na dawa yake, nchi iongozwe na baraza. Jamhuri 6 na majimbo 2 ya Kosovo na Vojvodina, kila moja mjumbe wake, na kwa katiba ya 1974 Tito anabaki juu yao rais wa maisha. Alipofariki Mei 4, 1980, Koliševski aliyekuwa makamu wa hilo baraza akapanda zile siku 11, halafu ikawa kila Mei 15 mwenyekiti anashuka, makamu anapanda, wa nyuma yake anakuwa makamu, na ile zamu ni mali ya jamhuri wala sio ya mtu. Ndo maana 1989 Slovenia walimpigia kura kijana anaitwa Drnovšek, miaka 38, hajawahi hata kukaa kwenye lile baraza, akaingia moja kwa moja kuwa mkuu wa nchi kwa sababu tu mwaka ule zamu ilikuwa ya kwao.

Kuna mama alikuwa anatugawia pasulj kantini, yale maharage yao (mazuri kinyama, ukifumba macho uko Moshi), nikamuuliza mwaka wa kwanza hivi rais wenu nani. Akafikiria kijiko kiko hewani, akamuuliza mwenzake jikoni, mwenzake naye akaguna, akaniambia mwanangu subiri Mei watabadilisha. Lakini Mei hiyohiyo tarehe 4, saa tisa na dakika tano mchana, saa aliyokufa Tito, ving'ora vikalia mji mzima, basi letu likasimama katikati ya daraja la Sava, dereva akainuka kwenye kiti, abiria wote wima kimya, mimi na begi langu nami nikasimama. Aliye hai hawamjui, marehemu wanamsimamia.

Ilienda hivyo mpaka 1991. Kufikia hapo Milošević, kiongozi wa Serbia, ana kura nne za baraza mfukoni, Serbia, Kosovo, Vojvodina na Montenegro. Mei 15 zamu ya Croatia, makamu ni Stjepan Mesić, kazi iliyobaki ni kupitishwa tu kama miaka yote. Zilitakiwa kura tano akapata nne. TV ya korido ilizungukwa siku ile, Mkroati chumba cha tatu akatoka bila kusema neno, na hao vijana walikuwa wanapika pamoja jamani. Nchi ikakaa bila mkuu, bila amiri jeshi, mwezi mmoja na nusu, na ndani ya huo muda Slovenia na Croatia wakatangaza uhuru na vifaru vikaingia Slovenia. Usiku wa kuamkia Julai 1 mawaziri watatu wa Jumuiya ya Ulaya wakabana mpaka Mesić akapitishwa, ila kufikia hapo jeshi halimsikilizi, na mimi nilishaanza kutafuta tiketi ya treni ya Budapest.

Mesić huyohuyo akaja kuwa rais wa Croatia 2000 mpaka 2010. Na kule kwao makamu wa rais hawana kabisa, rais akifariki anayeshikilia ni spika wa bunge.