Lavenda na masika yetu: namna ya kuiweka nyumbani isiote ukungu

Dada mmoja wa Wete ameniandikia kwamba lavenda kavu aliyoletewa na nduguye kutoka Ulaya imeota ukungu kabla masika hayajesha, na kabati sasa linanuka uvundo. Swali hili nimeulizwa na wengi, basi nalijibu kwa wote.

Lavenda asili yake ni pwani za Mediterania, ambako kiangazi ni kikavu kweli. Ua lililokauka hunyonya unyevu wa hewani, na unyevu kwetu haukosekani, sembuse kuanzia Machi hadi Mei. Usiimwage kitandani kama asumini na langilangi. Hizo ni za usiku mmoja, asubuhi zinafagiliwa. Lavenda unataka ikae miezi.

Kwanza ipime: vunja kijiti chake. Kikikatika kwa mlio, ni kavu. Kikipinda, kina maji. Tandaza maua kwenye sinia kivulini penye upepo, siku mbili tatu. Jua kali huchukua rangi na harufu pamoja. Masika upepo nao ni mbichi, basi kaanga kikombe cha mchele bila mafuta mpaka uanze kugeuka rangi, uache upoe ndani ya chupa yenye kifuniko, kisha uufunge kitambaani na uuweke na maua humo humo siku mbili. Mchele utavuta maji. Iliyokwisha kuota ukungu itupe, kuianika hakusaidii.

Sasa kifuko. Kitambaa kiwe cha pamba, melimeli au kanga kuukuu iliyolainika. Nailoni haipitishi harufu vizuri. Kata sentimita 10 kwa 20, kunja katikati, shona pande mbili. Tia vijiko viwili vya chakula vya lavenda na kijiko kimoja cha chai cha karafuu zilizovunjwa kidogo kinuni. Usishindilie, nusu ya kifuko inatosha. Karafuu ndiyo siri yenyewe, na sisi tunayo mlangoni: harufu ya lavenda ni nyepesi, hupaa upesi, ya karafuu huondoka polepole na kukifanya kifuko kiendelee kunukia. Tumia karafuu zenye vichwa. Makonyo, yaani vijiti vya karafuu, yana harufu hafifu. Kila wiki kibane kifuko kwa vidole ili maua yatoe mafuta yake. Kikififia, kifungue, dondoshea maua matone matatu ya mafuta ya lavenda, na kiache ndani ya chupa siku nzima kabla ya kukirudisha. Mafuta mabichi yakigusa kanzu nyeupe, doa halitoki kirahisi.

Na jamani, lavenda haifuti uvundo. Toa nguo zote, pangusa mbao za kabati kwa siki, liache wazi mpaka likauke kabisa. Ukitia manukato juu ya ukungu utapata harufu mbili zinazogombana.

Kwa pambo, fungu moja dogo kwenye kidaka linapendeza mno juu ya chokaa nyeupe. Lakini kuta za mawe za Mji Mkongwe hutoa jasho la chumvi, kwa hiyo lilaze kwenye sahani, lisiguse ukuta. Usilitie kwenye chombo chenye maji, litaoza. Jikoni na bafuni si mahali pake, wala dirishani panapopigwa jua.

Kwenye chetezo siishauri. Ua likigusa kaa hunuka majani yaliyoungua, na mafuta yake hushika moto. Chetezo kiachiwe udi. Ukitaka lavenda sebuleni, bakuli la maji ya moto na matone manne yanatosha.

Nyumba yenye paka, mafuta yafungwe na kuwekwa juu: yana sumu kwao, wakiyalamba huugua.

Wanaotaka kuipanda wasiiweke ardhini. Tumia chungu chenye matundu, mchanga na kokoto za matumbawe kwa sehemu kubwa, kwa kuwa inapenda udongo wenye chokaa. Chagua aina yenye majani ya kingo za meno, ndiyo inayovumilia unyevu zaidi, na mvua zikianza iingize barazani chini ya paa, maji uyatie udongo ukishakauka.