Maswali ya Wasomaji: Mbalamwezi, Liemba na Miembe ya Ujiji

Nauza dagaa Tabora, mzigo wangu hutoka Kigoma. Kila mwezi kuna siku bei inaruka, na wenzangu wa mwalo wa Kibirizi hunijibu neno moja tu: "mbalamwezi". Mwezi unahusikaje na dagaa? Na mzigo wenye mchanga nitaujuaje kabla sijalipa? (Msomaji, Tabora)

Hawakudanganyi. Mchana dagaa hukaa chini, usiku hupanda juu kufuata vijidudu wanavyokula. Hapo ndipo mvuvi huwanasa kwa taa, zamani karabai, siku hizi zaidi za betri na sola. Wavu hushushwa chini ya taa, husubiriwa dagaa wajikusanye, kisha huinuliwa. Sasa mwezi ukiwa mpevu uso mzima wa Ziwa Tanganyika una mwanga, taa haina tena mvuto, dagaa wametawanyika. Vipe, yaani ile mitumbwi miwili iliyofungwa sambamba kwa nguzo, hubaki ufukweni siku kadhaa na watu hushona nyavu. Sokoni unabaki mzigo wa nyuma, na bei unaijua.

Kwa hiyo nunua kwa kuhesabu mwezi. Agiza siku za giza, acha siku mbili au tatu za kuanika, mzigo uwe umekufikia kabla mwezi haujajaa.

Kuhusu mchanga, tia kikombe kimoja cha dagaa kwenye bakuli la maji ya uvuguvugu, koroga, subiri dakika tano, mimina maji polepole. Kitakachobaki chini ni mchanga, ambao ungeulipia kama samaki. Walioanikwa juu ya chanja hawaachi kitu cha maana, walioanikwa chini huacha. Halafu tazama rangi. Dagaa mzuri ni wa fedha na huvunjika ukimkunja. Wa manjano au kahawia, wanaonuka mafuta yaliyochacha, walichelewa kukauka au walinyeshewa, jambo la kawaida kati ya Novemba na Aprili. Usifunge kwenye nailoni mzigo ambao bado una joto la jua. Utatoa jasho ndani, na ukungu hauchelewi.

Nao wanaokuambia ziwa lina kina cha karibu mita 1,470 hivyo samaki hawawezi kwisha, wapuuze. Maji ya chini hayachanganyiki na ya juu, hayana hewa, na samaki hawaishi humo. Samaki wote wamo katika tabaka la juu, mita 100 au 200 hivi.

Babu anasema meli ya Liemba ilizamishwa na Waingereza katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Ni kweli? (Mwanafunzi, Kigoma)

Shikamoo ya babu tumeipokea, lakini hapana. Waliizamisha wenyewe Wajerumani. Ilijengwa Papenburg mwaka 1913 kwa jina la Graf von Götzen, ikafunguliwa vipande, ikapakiwa kwenye makasha yapatayo 5,000, ikaja Dar es Salaam kwa meli na Kigoma kwa reli. Ilishushwa majini Februari 1915. Julai 1916, adui akiwa karibu, mafundi walipaka mashine grisi nene, meli ikajazwa mchanga na kuzamishwa karibu na mdomo wa mto Malagarasi. Hiyo grisi ndiyo iliyoiokoa. Wabelgiji waliiinua kwanza, ikazama tena Kigoma kwa dhoruba. Waingereza wakaiinua mwaka 1924, na 1927 ikarudi kazini kwa jina Liemba, jina la ziwa upande wa kusini. Mashine za mvuke zilitolewa miaka ya 1970, zikawekwa za dizeli.

Huenda babu anachanganya na Hedwig von Wissmann, meli nyingine ya Wajerumani ziwani humo. Hiyo ndiyo iliyozamishwa kwa mizinga na Waingereza, Februari 1916.

Mwembe wa Livingstone bado upo Ujiji? (Msomaji, Kasulu)

Ule wenyewe ulikwishakufa. Miembe iliyopo kwenye mnara wa kumbukumbu inatajwa kuwa ni uzao wake, kwa hiyo ukipiga picha andika "mtoto wa mwembe". Tarehe utakayoambiwa pale, ya Livingstone kukutana na mwandishi wa habari Stanley aliyekuja kumtafuta, ni 10 Novemba 1871, ile aliyoitoa Stanley. Shajara ya Livingstone huelekeza mwishoni mwa Oktoba.