Maswali na majibu: Ushindani wa taifa unaanzia mwaloni

Barua nyingi za safari hii zinauliza nchi yetu ishindane vipi kiuchumi, na mwananchi wa kawaida apate nini katika huo ushindani. Ninajibu saba.

Tofauti ya ushindani wa taifa na maendeleo ya watu ni nini? (Msomaji, Nyegezi)

Hili nimelijibu mara nyingi, naomba mlitunze. Ushindani wa taifa ni uwezo wa nchi kuzalisha kwa tija, bidhaa zake zikauzika na watu wake wakalipwa vizuri. Maendeleo ya watu ni kuona kama hao watu wanaishi miaka mingi, wamesoma, na wana kipato cha kuwawezesha kuchagua maisha wanayoyataka. La kwanza ni njia, la pili ndilo tunalolitafuta.

Mwaka huu Tanzania ni ya ngapi duniani kwa ushindani? Kuna jedwali linazunguka WhatsApp. (Mfanyabiashara, Igoma)

Orodha inayotajwa sana, ile ya Jukwaa la Uchumi Duniani, ilitoka kwa mara ya mwisho 2019. Tulikuwa wa 117 kati ya nchi 141, na Singapore ndiyo iliyoongoza. Mwaka 2020 wakatoa ripoti bila kupanga nafasi. Ile nyingine ya Benki ya Dunia, kuhusu wepesi wa kufanya biashara, ilisitishwa 2021 baada ya kugundulika kasoro katika takwimu zake. Kwa hiyo anayekuletea jedwali la "mwaka huu" muulize amelitoa wapi kabla hujamrushia mwenzako. Na wanasiasa wanaosoma namba hizi majukwaani wataje mwaka.

Viwanda vya minofu hapa Mwanza vinalalamikia ushindani. Tukikubali malipo ya vibarua yapungue, si wateja wa Ulaya watanunua kwetu badala ya Uganda? (Mfanyakazi wa kiwandani, Igogo)

Hapana ndugu yangu, na swali hili linanisikitisha kwa sababu anayeliuliza ndiye atakayeumia.

Kumbuka mwisho wa 1997. Umoja wa Ulaya ulizuia samaki wabichi kutoka Afrika Mashariki kwa sababu ya kipindupindu. Mwaka 1999 ukazuia tena, safari hiyo kwa sababu kulikuwa na watu wanaovua kwa sumu. Zuio liligusa Tanzania, Kenya na Uganda kwa pamoja. Katika miezi ile malipo ya kibarua yangeweza kushuka mpaka sifuri na bado hakuna mnofu ambao ungepanda ndege. Soko lilifungwa na ukosefu wa vyoo, maji safi na udhibiti. Watu wa afya walikuwa wakiyaomba hayo tangu zamani wakaambiwa ni huduma za jamii, zisubiri uchumi ukue.

Nenda leo visiwani kwenye mwalo wowote, yaani ufuo wanakoshushia samaki, uangalie samaki anaanzia safari wapi. Mtumbwi unaingia alfajiri, sangara wanashushwa majini kwa mikono, na hatua chache pembeni mtu mwingine anachota ndoo ya kupikia. Choo, kama kipo, kimefungwa kwa gunia. Mvuvi huyo ndiye wa kwanza kumgusa samaki. Akiumwa yeye, kiwanda kizima kinaumwa, hata kama huko ndani mnavaa magwanda meupe na kunawa kila saa.

Tena wewe uko kiwandani, unajua zaidi yangu. Mchunaji mzoefu akipitisha kisu, panki, yaani kiunzi kinachobaki minofu ikishatolewa, linabaki mifupa mitupu. Anayejifunza anaacha nyama nyingi mgongoni, na nyama hiyo inauzwa kwa bei ya mapanki. Samaki ni yuleyule na kisu ni kilekile, lakini mapato ya kiwanda ni tofauti. Hiyo ndiyo tija. Mtaalamu wa ushindani Michael Porter aliandika mwaka 1990 kwamba ushindani wa taifa, kama neno hilo lina maana yoyote, maana yake ni tija. Ukimpunguzia malipo mchunaji mzuri ataondoka, na ujuzi wake ataondoka nao.

Uganda nayo tuache kuiona adui. Mchumi Paul Krugman alionya mwaka 1994 kwamba nchi hazishindani kama makampuni, ambapo mmoja akishinda mwenzake anafunga duka. Ziwa Victoria ni letu sote. Wakivua sangara wachanga, sisi tunakosa samaki. Sisi tukiwavua, wao wanakosa. Viwanda vingi vinafanya kazi chini ya uwezo wake kwa sababu samaki wamepungua, na hakuna punguzo la mshahara linalozaa samaki.

Mtoto wangu yuko shule ya serikali. Nihangaike nimlipie mchepuo wa Kiingereza ili aweze kushindana duniani? (Baba, Buhongwa)

Mpe ukurasa mmoja wa Kiswahili ausome, kisha akueleze kwa maneno yake alichosoma. Akishindwa, tatizo lako ni kubwa kuliko Kiingereza, na ada haitalitibu peke yake. Mwaka 2020 Benki ya Dunia ilikadiria kwamba mtoto anayezaliwa Tanzania atakuwa na tija ya takriban asilimia 39 ya ile ambayo angeifikia kama angepata elimu kamili na afya kamili. Sehemu ya pengo hilo inatokana na watoto waliokaa darasani miaka mingi wakajifunza kidogo. Mwaka 2016 tuliondoa ada mpaka kidato cha nne, na nilishangilia. Sasa nataka wazazi waende shuleni kuuliza darasa la mtoto wao lina watoto wangapi na mwalimu wa hisabati yupo au hayupo. Mabasi ya njano ya shule za kulipia yasikutie presha.

Je, si sahihi kwamba tujenge uchumi kwanza, hospitali na shule zije baadaye? (Mhandisi, Capri Point)

Si sahihi. Korea Kusini ilikuwa maskini ilipowaingiza karibu watoto wake wote shule ya msingi. Viwanda vikubwa vilifuata. Guinea ya Ikweta ilipata mafuta na kipato cha wastani kikapaa kutuzidi mbali, lakini afya na elimu ya watu wake vimebaki nyuma sana ya kipato hicho.

Ila nisikupe nusu ya ukweli. Sisi wenyewe tulijaribu upande wa pili. Baada ya Azimio la Arusha la 1967, na Azimio la Musoma la 1974 lililotaka kila mtoto aende shule ya msingi, madarasa yalijaa na watu wazima wakajifunza kusoma. Kisha ikaja vita ya Kagera ya 1978 na 1979, mafuta yakapanda bei, viwanda na mazao vikadorora, na serikali ikaishiwa. Shule zikakosa chaki, michango na ada vikarudi, na katika miaka ya 1990 uandikishaji ukawa umeshuka. Ada ya shule ya msingi ilifutwa tena mwanzoni mwa miaka ya 2000. Waliosoma bila uchumi wa kuwapokea walikwama, na uchumi usio na waliosoma unakwama vilevile. Bajeti inayomwambia mmoja asubiri mwenzake inawakosesha wote wawili.

Na daraja la Kigongo–Busisi, ambalo wenzako wengi wameliuliza kama ni la "ushindani" au la "watu", linabeba lori la pamba na mama mjamzito anayekimbizwa hospitali ya Bugando. Msinilazimishe kuchagua.

Nimechora grafu ya kipimo cha ushindani na kipimo cha maendeleo ya watu kwa nchi zote. Mstari unapanda vizuri. Je, inatosha kuthibitisha kwamba ushindani unaleta maendeleo? (Mwanafunzi wa uchumi, Malimbe)

Haitoshi, na msimamizi wako akikubali, wewe usikubali. Kipimo cha maendeleo ya watu, kilichoanzishwa 1990 na mchumi Mahbub ul Haq akisaidiana na mchumi mwenzake Amartya Sen, kinachukua umri wa kuishi, miaka ya shule na kipato. Kile cha ushindani cha 2019 kina nguzo 12, na mbili kati yake ni afya na ujuzi. Afya yenyewe wanaipima kwa miaka ya kuishi ukiwa na siha. Kwa hiyo umeweka kitu kilekile pande zote mbili kisha ukafurahi kwamba vinafanana. Toa nguzo hizo mbili uchore upya. Pia weka muda kati: mtoto anayeanza darasa la kwanza leo hataonekana kwenye tija ya nchi kabla ya miaka kama 15.

Mwanangu yuko darasa la tatu huku Kayenze. Wakimezeshwa dawa za kichocho shuleni anarudi tumbo linamsokota. Safari hii nimzuie? (Mama, Ilemela)

Usimzuie, mama. Nimeliweka swali lako hapa makusudi, kwa sababu waliouliza kuhusu ushindani walipaswa kuuliza hili. Kichocho cha tumbo kinamtoa mtoto damu, kinamdhoofisha ini, kinamchelewesha kukua, na darasani anasinzia wakati mwalimu anafundisha. Kwa utafiti wa kitaifa wa 2022, watoto 30 katika kila 100 wenye umri chini ya miaka mitano walikuwa wamedumaa, hata kabla hawajafika darasani.

Siku ya kumeza, mpe uji mzito au chakula kabla hajatoka. Wanaomeza tumbo likiwa tupu huumwa zaidi. Mwalimu atamsimamisha kwenye fimbo yenye alama, na urefu wake ndio utakaoonyesha ameze vidonge vingapi. Mwambie asimame wima, asichutame kwa uoga. Maumivu kwa kawaida huisha siku hiyohiyo. Dawa inaua minyoo iliyomo mwilini, haimkingi na mipya, kwa hiyo akirudi kuogelea ziwani ataambukizwa tena. Kwenye mkutano wa kijiji, kabla ya ajenda nyingine yoyote, ulizeni bomba na vyoo vya mwaloni vimefikia wapi. Akitapika mfululizo au akilegea, mpeleke zahanati usiku huohuo na umweleze mganga amemeza dawa gani na saa ngapi.