Mtindi ukikushinda: mimi nilirudi kwenye togwa

Dada uliyeuliza, pole. Nimesoma swali lako mara mbili. Umemaliza dozi ya antibiotiki, tumbo linajaa gesi, choo hakieleweki, umeambiwa unywe mtindi kila siku kurudisha bakteria wazuri, na wewe mtindi hata ukifunguliwa chumba cha pili unakutapisha. Umeuliza pia kama utakachotumia unaweza kumpa na mwanao wa miaka minne. Waliotangulia kukujibu wamesema ujikaze, uzibe pua, unywe. Mimi nilijikaza. Siku ya tatu niliutapikia kwenye sinki, mke wangu akaniuliza kama nina mimba.

Yangu yalianza mwaka juzi na dozi ya siku 14 ya kuua wale bakteria wa vidonda vya tumbo. Vidonge asubuhi na jioni, mdomo ukawa na ladha ya chuma muda wote. Vidonda vilitulia, ila tumbo likabaki kama ngoma. Ushauri niliopewa ni huo huo wako: mtindi. Nikahangaika nao wee, mpaka siku moja nikajiuliza hivi kinachotakiwa ni maziwa au ni hao bakteria? Ni bakteria, tena wakiwa hai. Maziwa ni mahali pamoja tu wanapokaa. Wapo kwenye nafaka iliyochachuka, wapo kwenye mboga iliyokaa kwenye chumvi. Na mimi nimekulia Songea, nimekunywa togwa, kile kinywaji cha uji uliochachuka, kabla sijajua kusoma.

Kwa hiyo kabla hujanunua chochote, kwa kila chakula kilichochachuka uliza kitu kimoja: moto umepita kabla au baada? Uji wa kuchachua wa ndugu zetu Wakenya, unga unalowekwa, unachacha, ndipo unapikwa. Mtamu sana na haulemei tumbo, lakini bakteria wameishia jikoni. Muhogo wa kuvundika, hadithi ni ile ile. Mkate una hamira, lakini umepita tanuri. Togwa ni kinyume chake: uji unapikwa kwanza, kuchacha kunafuata, na baada ya hapo haurudi motoni tena. Unakunywa na wenyewe wamo ndani.

Ninavyotengeneza mimi: lita tatu za maji, unga wa mahindi vikombe vitatu, napika uji mzito kweli, ule ambao mwiko unasimama. Uive vizuri, nusu saa si nyingi. Naepua, naacha upoe mpaka niweze kutumbukiza kidole na kukitoa haraka. Hapo natia nusu kikombe cha unga wa kimea cha ulezi (ulezi uliooteshwa ukakaushwa, nitaeleza chini), nakoroga. Sasa hapa ndipo watoto wangu huja kuangalia. Mwanzoni mkono unauma. Baada ya dakika chache mwiko unaanza kuteleza, na baada ya robo saa ule uji uliokuwa karibu na ugali unamiminika kama chai ya maziwa. Ukionja umekuwa mtamu na hujatia sukari hata punje. Kimea kina vimeng'enya vinavyokatakata wanga kuwa sukari, na sukari hiyo ndiyo bakteria wanayokula usiku kucha kutengeneza asidi. Bakteria wenyewe wanaingia na kimea, kwa sababu kimea hakijapikwa. Ukiwa na kikombe cha togwa ya juzi, subiri uji uwe vuguvugu tu ndipo ukimimine, utachacha haraka zaidi.

Funika kwa kitambaa, weka pembeni. Kwa joto la Dar kesho yake asubuhi ina ukali mdogo, jioni imeiva. Songea mwezi wa sita inaweza kuchukua siku mbili na usishangae. Ikishakuwa chachu unavyoipenda, friji. Ukiiacha nje siku ya tatu na ya nne inaanza kuelekea kwenye pombe, na kwa msiokunywa pombe ni vizuri kulijua hilo mapema.

Kimea, kama hukipati tayari, oteza. Ulezi unalowekwa usiku mmoja, unachujwa, unafunikwa kwenye kitambaa chenye unyevu siku mbili tatu mpaka uote vimizizi vyeupe, unaanikwa juani ukauke kabisa, unasagwa. Ukiona ukungu wa kijani au mweusi, mwaga wote, usichambue. Na mahindi yawe safi. Watu Dodoma na Manyara walikufa kwa sumukuvu, sumu ya ukungu wa nafaka, mwaka 2016, na kuchachusha unga mbovu hakuufanyi kuwa mzuri.

Kuna mtu hapo juu kasema togwa ni imani za bibi zetu tu. Mkuu, hapa hapa Tanzania watafiti waliwapa watoto wa chini ya miaka mitano togwa mara moja kwa siku kwa siku 13, na matokeo yakachapishwa 1999: watoto waliokutwa na bakteria wa kuharisha kwenye choo walipungua. Hiyo haimaanishi togwa inatibu kila kitu. Kwa tafsiri ya FAO na WHO ya 2001, probiotiki ni vijidudu hai vinavyoleta faida kiafya vikitumiwa kwa kiasi cha kutosha, na sufuria yangu hakuna aliyewahi kuihesabia bakteria. Ninachoweza kusema ni kwamba wiki ya pili ya kunywa kikombe kila siku gesi ilipungua, na mwisho wa mwezi nilisahau kama nilikuwa na shida. Labda ni togwa, labda ni muda.

Togwa ya kununua mitaani nimeacha. Niliwahi kunywa moja stendi, baridi, tamu kama soda, nikaharisha siku mbili. Togwa yenyewe ikiwa chachu vijidudu vibaya vinapata taabu kuishi, lakini muuzaji akishaiongeza maji ya bomba na barafu, ukali umepungua na maji hujui yametoka wapi. Bora ya nyumbani.

Kama na togwa huipendi, iko kabichi. Katakata nyembamba, kilo moja kwa gramu 20 za chumvi, yaani kama vijiko vitatu na nusu vya chai vya kusawazisha, ufikiche kwa mikono mpaka itoe maji yake, uishindilie kwenye chupa ya kioo izame kabisa. Siku nne au tano kwa joto letu inatosha, kisha friji, na unaila mbichi na wali maharage. Sasa kifuniko: usikaze. Mimi nilikaza. Usiku wa tatu tukasikia mlio sebuleni, mke wangu akadhani mwizi. Kabichi ilikuwa darini, maji yake kwenye pazia, na harufu ilikaa wiki. Legeza kidogo, gesi itoke.

Achari usiitegemee kwa kazi hii. Nyingi tunazonunua zimepikwa kwa mafuta au zimetiwa siki. Siki inatoa ukali bila bakteria kufanya kazi yoyote. Ile ya ndimu na chumvi tupu ya kuanika juani ni habari nyingine, lakini chumvi yake ni kali, huwezi kula bakuli.

Anza na nusu kikombe cha togwa, baada ya chakula, siku nne tano, ndipo uongeze. Mimi nilianza na jagi, nikajuta. Kama una kiungulia kikali, ukali wake unaweza kukusumbua, basi inywe ikiwa bado changa. Na kama choo kina damu, una homa, au unaharisha mfululizo baada ya hizo antibiotiki, hapo togwa iache, rudi hospitali. Vivyo hivyo mtu ambaye kinga yake imeshuka sana aongee na daktari wake kwanza.

Kuhusu mtoto: wangu mdogo ana umri huo huo wa wako, anakunywa nusu kikombe ikiwa ya siku moja, haijakaribia pombe. Na siku ya kupika ndiye anayeachiwa mwiko aulambe.