Anza na majike: niliyojifunza kwenye kituo chetu cha kuokoa na kufunga kizazi wanyama wa mtaani

Mwaka wangu wa kwanza kituoni nilikuwa naokoa tu. Simu inaita, kuna vitoto vya paka vimetupwa kwenye boksi, naenda navichukua, kuna mbwa kagongwa na gari, naenda namchukua, jioni narudi nimechoka hoi lakini moyo umetulia kwamba leo kuna kitu nimefanya. Tatizo ni kwamba simu zilikuwa zinatoka sehemu zilezile. Ua lilelile, nyuma ya jengo lilelile, kila baada ya miezi michache vitoto vingine, na ukiangalia rangi zao tu unamjua mama yao. Nilikuwa natwanga maji kwenye kinu na sikulijua hilo mpaka siku nilipokaa na daftari nikaanza kuandika kila mnyama katoka wapi.

Kwa hiyo kama unataka kuanzisha kituo, au umeshaanza kujitolea sehemu, nakuomba ushike hili kabla ya mengine yote, kufunga kizazi ndiyo kazi yenyewe na kuokoa kunafuata. Piga hesabu mwenyewe. Paka jike anaweza kushika mimba akiwa na miezi minne tu, yaani mwenyewe bado mtoto, mimba anaibeba kama siku 63 hadi 65, alafu anaweza kushika nyingine huku bado ananyonyesha hawa aliowazaa juzi. Ukichukua vitoto vinne ukamwacha mama pale, hujapunguza kitu.

Na anza na majike. Watu wengi wanaleta madume kwanza kwa sababu ni upasuaji mdogo na wa haraka, naelewa, na kweli kuhasi dume kunapunguza ugomvi wa usiku na ile mikojo yenye harufu kali ukutani. Lakini ukihasi madume tisa ukabakiza mmoja, huyo mmoja anatosha majike wote wa mtaa. Jike ukimfunga umemfunga. Kama daktari wa mifugo amekupa nafasi tano kwa wiki, zote tano zipeleke kwa majike. Hata dume aliyekwisha kuhasiwa anaweza kumpa jike mimba kwa wiki chache za mwanzo, hilo wengi hawaambiwi wanabaki wanashangaa.

Jingine ni kumaliza kundi moja kabla ya kwenda lingine. Sisi tulikuwa tunachukua wawili huku, watatu kule, ili kila anayelalamika aone tumefika, na matokeo yake hakuna sehemu hata moja iliyotulia. Sasa hivi tunachagua ua mmoja, tunahesabu paka wote, tunawanasa, wanafungwa, wanarudishwa palepale walipotoka. Ndiyo, wanarudishwa. Majirani wengine wanataka muwaondoe kabisa na mi nawaelewa, ila mkiwaondoa na chakula kikabaki pale, wengine wanaingia, tena hao wapya hawajafungwa. Paka akiwa bado kwenye nusukaputi daktari anamkata ncha ya sikio, mara nyingi la kushoto, ili ukimwona kwa mbali ujue huyu tayari. Jike mmoja alishapasuliwa mara ya pili bure kwa sababu aliyemfanyia mwanzo hakumwekea alama, iliniuma sana.

Kunasa kwenyewe ni subira. Tafuta kwanza anayewalisha, kila ua yupo mmoja, na mheshimu maana bila yeye hupati paka hata mmoja. Kwetu alikuwa bibi mmoja, siku ya kwanza kaniuliza, "Mwanangu, hawa mkiwachukua nitawaona tena?" Nikamwambia, "Bibi, kesho kutwa nawaleta hapahapa." Nilipowaleta kweli, kuanzia siku ile yeye ndiye alikuwa ananipigia simu, jike mpya kaingia njoo upesi. Muombe asiweke chakula siku moja kabla, wewe weka mtego na samaki wa harufu kali nyuma kabisa, kaa mbali lakini usiuache mtego peke yake hata kidogo. Mlango ukijifunga paka anapagawa, anarusha mwili, anajipiga pua kwenye waya mpaka inatoka damu. Funika mtego mzima na shuka. Muda si mrefu unasikia kimya, anapumua tu.

Kabla hujaondoka naye muangalie tumbo. Hapa nilikosea na nasema ili wewe usirudie. Nilimnasa jike wa kijivu jioni, giza limeingia, nikawa na haraka, sikuangalia. Asubuhi daktari akaniita mezani, akaninyooshea kidole, kwenye glavu kuna tone la maziwa. Tulirudi mbio tukatafuta ua mzima, tukavikuta vitoto vitatu chini ya mabati, kimoja kimeshapoa kabisa kama jiwe. Viwili vilipona, kile hakikupona. Chuchu zikiwa zimevimba na manyoya yamefutika kuzizunguka, ana wanaonyonya, basi vitafute kwanza. Jike anayenyonyesha anaweza kufungwa na akaendelea kunyonyesha, cha muhimu daktari ajue na mama arudi kwa wanawe mapema akishazinduka vizuri.

Na ukikuta kitoto cha baridi usikimbilie kukipa maziwa, kipashe joto kwanza taratibu mwilini mwako ndani ya nguo, maana tumbo likiwa baridi halisagi kitu. Maziwa ya ng'ombe yanakiharisha, tafuta yale maalumu ya vitoto vya paka, mlishe akiwa amelala kifudifudi, usimlaze chali kama mtoto wa binadamu, atapaliwa. Akishakula mpanguse chini na pamba yenye maji ya uvuguvugu ndiyo akojoe, wakiwa wadogo sana hawawezi wenyewe.

Kwa mbwa koko kazi ni ileile lakini kuna mambo mawili zaidi. Kuna uvimbe wa sehemu za siri ambao mbwa wanaambukizana wakipandana, unatoa damu, watu wanadhani jike yuko kwenye joto muda wote, muonyeshe daktari unatibika. La pili ni kichaa cha mbwa. Mbwa wa mtaani siku ya upasuaji inaweza kuwa ndiyo siku pekee maishani utakayomshika, kwa hiyo achomwe chanjo siku hiyohiyo, usiseme atakuja tena. Shirika la Afya Duniani linasema karibu 99% ya watu wanaopata kichaa wameambukizwa na mbwa, na chanjo ikifika kwa 70% ya mbwa wa eneo ugonjwa unakatika. Ukiumwa na mbwa, hata kidogo, osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 kamili alafu nenda hospitali siku ileile. Na wote mnaojitolea mchanjwe kabla, kituo kisichochanja watu wake mi siwezi kumshauri mtu aende.

Ukirudi na mgonjwa wako nyumbani tafadhali usimpe dawa ya maumivu ya binadamu. Paracetamol inaua paka, hata kipande kidogo, nimeshaletewa paka fizi zimegeuka rangi ya udongo na mwenyewe analia kwamba alikuwa anamuonea huruma tu.

Kituo kikijaa sema kimejaa. Nililia mara ya kwanza nilipomwambia mtu hapana, lakini wakibanana ugonjwa unaoingia na mmoja unawamaliza wote, na mgeni yeyote lazima atengwe kama wiki mbili kabla hujamchanganya.

Kwenye ua wa yule bibi tumebakiza mmoja, jike mweusi mwenye doa jeupe shingoni, mjanja, ananusa mtego anakaa pembeni anatuangalia. Tumemkosa mara nne. Safari hii bibi ameuacha mtego wazi bila kuutega, anamlishia ndani yake kila siku ili auzoee, na jana kaniambia amekula akiwa ameingia wote hadi mkia.